Tetea wa Shingo Uchi

Kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kilipoingia uani kwangu hakikubisha hodi wala hakikubagua. Kilianza na jogoo, ambaye kwa maringo yake alistahili kutangulia, kikaendelea na matetea waliokuwa wakitaga, kikamalizia na vijogoo waliokuwa bado wanajifunza kuwika. Kila nilipofungua banda asubuhi niliwakuta wameinamisha vichwa kama watu waliochoshwa na hotuba ya mgeni rasmi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunachimba shimo.

Alibaki mmoja tu, naye hakubaki kwa sababu ya wema wake. Alikuwa tetea wa shingo uchi, mwekundu kooni kama aliyenyongwa akaponea njiani. Wenzake hawakumpenda. Walimdonoa kila alipopanda kichanjani kulala, mpaka akaamua kuhamia kwenye pagale la jirani, nyumba iliyoanzwa na mtu ambaye fedha zilimwishia kwenye lenta. Huko alilala peke yake juu ya tofali, akala peke yake, akaiba peke yake. Ugonjwa ulipofika bandani, yeye hakuwamo. Kutengwa kulimwokoa. Watu husema umoja ni nguvu; kwa kuku wangu umoja ulikuwa shimo moja.

Sasa nieleze kwa nini kuku mmoja mbaya wa sura alikuwa jambo kubwa. Mwanangu wa kwanza anakaa Mikocheni, katika nyumba yenye geti, vigae na mbwa anayepelekwa kwa daktari wa meno. Kwa miaka kadhaa alikuwa akinitaka niiache nyumba yangu ya Kibamba nikaishi kwake. Nilikwenda mara moja, nikakaa siku chache. Hakuna pa kutupa maganda ya ndizi bila kuuliza. Mkeka wangu uliwekwa ukutani kama picha. Nilipolalamika kwamba sina kazi, wakanifungulia televisheni. Nikarudi Kibamba kwa miguu yangu, maana yake nilishuka kwenye gari lake kabla halijasimama vizuri.

Lakini hakukoma. Siku moja, ili nimalize maneno, nilimwambia mbele ya jirani yangu: "Siku uani kwangu pasipokuwa na kuku hata mmoja, njoo unichukue. Leo nina nani wa kumwachia hawa?" Jirani huyo ni karani mstaafu kutoka bara, naye ni mtani wangu, kwa kuwa kabila lake na langu hutaniana tangu enzi za babu zetu. Alicheka. Mwanangu hakucheka. Maneno ya mama aliyasikia kama mtu anayesoma mkataba.

Kwa hiyo kideri kilipopita, alifika bila kuitwa.

"Shikamoo mama. Nimesikia kuku wameisha."

"Marahaba. Umesikia vibaya. Yule pale."

Tetea alikuwa juu ya ukuta wa pagale akijipekua manyoya ambayo hakuwa nayo. Mwanangu alimtazama kwa muda mrefu.

"Yule ni kuku, mama?"

"Muulize mwenyewe."

"Haya," akasema. "Yupo. Nitakuja tena." Kisha akatazama juu, ambako mwewe alikuwa akizunguka taratibu, kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi.

Nilielewa kwamba kuku mmoja si ulinzi. Nilihitaji vifaranga, na kwa vifaranga nilihitaji jogoo, na jogoo pekee aliyesalia mtaani alikuwa wa mtani wangu. Nilimfunga tetea kwenye kanga, nikampakata, nikavuka njia.

Mtani alikuwa kibarazani. "Karibu, mtani. Umeniletea mchuzi?"

"Nimekuletea mkwe. Mwite mwanao."

Akafunua pembe ya kanga, akairudisha upesi. "Toba! Mtani, hii ni sura ya kuletwa kwa watu mchana? Jogoo wangu ana heshima zake."

"Jogoo wako anapanda hata ndoo iliyopinduliwa. Nimemwona."

Mke wake alicheka ndani mpaka akadondosha sufuria. Basi tetea akaachwa pale. Jogoo alimzunguka mara moja akiburuta bawa, akaona hakuna shahidi wa kabila lake, akafanya lililompasa. Mtani alisema kwa huzuni kwamba damu ya ukoo wake imeharibika. Nilimwambia damu ya ukoo wake iliharibika siku babu yake alipoonja ugali wa kwetu akakataa kurudi kwao.

Tetea alitagia mayai kwenye boksi la mashine ya kupashia chakula, ambayo mwanangu aliniletea ili nione raha ya mjini. Mashine yenyewe iko chini ya kitanda. Boksi lake limefaa. Alipoanza kuatamia alikuwa mkali kuliko mlinzi wa benki. Mayai yakatotolewa, karibu yote, na kwa muda mfupi uani kwangu palisikika tena sauti ya viumbe wanaodai chakula bila kufanya kazi.

Mwewe naye alisikia. Siku ile ile alishuka mara ya kwanza, na kifaranga mmoja akajifunza kuruka kabla hajaota mbawa.

Kwetu pwani kuna dawa ya mwewe. Kifaranga hupakwa rangi, mwewe akitazama chini haoni chakula, anaona kitu asichokijua, naye mwewe ni kama bwana mkubwa, hali asichokijua. Mimi nasuka mikeka. Rangi ya ukili haikosekani kwangu. Nilichemsha iliyokuwapo, ile nyekundu iitwayo damu ya mzee, nikaiacha ipoe, nikawachovya vifaranga mmoja mmoja mpaka shingoni, nikawaanika juani juu ya gunia. Mjukuu wangu, huyu anayeniandikia haya, alisema wanafanana na ubuyu. Nilimwambia akae kimya ashike beseni.

Nilipowarudisha kwa mama yao, alisimama, akawatazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Kifaranga aliyekuwa karibu, mama yake alimdonoa kichwani mpaka akafa. Wengine wakalia, na kwa kulia kwao akawatambua, akawaita. Aliyekufa alikuwa mnyamavu kuliko wote. Nimelea watoto na wajukuu kwa kuwafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, na nitaendelea kuwafundisha hivyo. Lakini kwa kuku siwezi kulipendekeza.

Dawa ilifanya kazi. Mwewe alizunguka, akashuka hadi usawa wa mnazi, akawaona wale wekundu wanachakura, akapanda tena kwa hasira. Habari zikaenea. Wanawake wa mtaa mzima wakaja na vikombe kuomba rangi, na mimi, kwa kuwa sijazoea kunyima, nikawagawia. Wiki haikuisha kabla kila ua wa upande wetu haujawa na vifaranga wa damu ya mzee. Ukitazama kutoka barabarani ungedhani kuna mkutano wa chama fulani.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mwewe, kinyume na bwana mkubwa, hujifunza. Alipotazama nyumba moja aliona kitu kigeni. Alipotazama nyumba zote aliona desturi. Akajaribu mmoja, kwa mtani wangu, akaona kwamba chini ya rangi ni kuku yule yule. Tangu hapo hakuhitaji tena kutafuta. Zamani kifaranga wa rangi ya udongo angeweza kujificha kwenye udongo. Sasa wetu walionekana kutoka mawinguni.

Mtani alikuja hadi kizingitini kwangu, mikono kiunoni.

"Mtani, nyinyi watu wa pwani ni wakarimu sana. Mwewe alikuwa anakula gizagiza. Nyinyi mmemtandikia kitambaa mezani."

"Na wewe ulikuja na kikombe chako."

"Nilikuja na kikombe kwa sababu nilidhani mna akili. Kosa la karani."

Mwewe alizidi kuipenda rangi ile hata akasahau kuuliza kilicho ndani yake. Alinyakua soksi ya mjukuu wangu kwenye kamba, akaipeleka kwenye mti, akairarua kwa makini, akaiacha. Alimrukia mtoto wa jirani aliyekuwa amebeba nyanya. Alichukua kitambaa cha kichwa cha mama mmoja aliyekuwa akitoka kanisani, na yule mama alirudi ndani ya kanisa moja kwa moja, bila shaka kuuliza.

Uani kwangu vifaranga walipungua. Rangi haikutoka, hata nilipowasugua kwa sabuni ya mche. Mimi huchemsha rangi ya kukaa. Tetea alipigana, siwezi kumnyima sifa hiyo. Alimrukia mwewe kwa kucha, wakabingirika pamoja kwenye vumbi, na mara mbili mwewe aliondoka miguu mitupu. Nikaanza kumheshimu.

Heshima hiyo haikudumu. Nyuma ya nyumba yangu palikuwa na pori ambalo dalali alilikata viwanja, akauza kila kiwanja kwa mtu mmoja, na kwa hofu ya upweke wa mtu huyo, akakiuza tena kwa wa pili. Pori likafyekwa. Nguchiro waliokuwa wakiishi humo hawakupewa fidia wala notisi. Wakahamia kwenye kalavati la barabara, karibu na ua wangu. Siwalaumu sana. Tofauti ya nguchiro na dalali ni kwamba nguchiro akishiba huondoka.

Walikuja mchana, jua la utosi, wakiwa wamefuatana kama wanafunzi wa chekechea. Nilikuwa nimekaa mlangoni na ukili wangu. Nilipopiga kelele, tetea alikuwa tayari amewaona. Nilimngojea asimame awakabili, kama alivyomkabili mwewe. Alikimbia. Hakugeuka kuangalia nani anamfuata. Waliokuwa na mbio walikimbia naye hadi kwenye pagale. Waliokuwa wazito walibaki, na nguchiro wakawachukua kwa utaratibu. Wako watu wanaosema kuku ni mfano wa mapenzi ya mama. Watu hao huwajua kuku kwa mchuzi.

Jioni alirudi na watatu. Hakuonyesha huzuni. Alichakura, akala, akawapa waliopo. Nilimtukana, kisha nikamtupia mtama.

Basi hali ilikuwa hiyo, tetea mmoja na vifaranga watatu wasiotosha hata kiganja, siku mwanangu alipopiga simu asubuhi.

"Mama, leo nakuja na wazee. Wanataka kukusalimia. Usijisumbue."

Wazee ni wazazi wa mke wake, ambao kwangu ni wakwe. Na katika lugha ya wakwe, "usijisumbue" maana yake ni "chinja".

Naomba hapa nieleweke, maana vijana wa siku hizi watasema angenunuliwa kuku gengeni, mambo yakaisha. Kwetu kuku wa kununua ni wa kushibisha, si wa kuheshimu. Mkwe akifika huletewa kuku wa uani akiwa hai, aonyeshwe, aguse bawa, aseme "nimemwona", ndipo apelekwe jikoni. Anayemkamata ni mkwe wao, yaani aliyeoa binti yao, kwa mikono yake, bila jiwe wala fimbo, kwa kuwa kuku aliyeumizwa kabla ya kuonyeshwa ni tusi. Mwanangu anayajua yote hayo. Nilimfundisha mimi.

Walipofika tuliamkiana kwa utaratibu. Baba mkwe alivaa suti. Mama mkwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya soko, alikaa kwenye mkeka akakataa kiti. Mwanangu alibaki amesimama uani, akitazama huku na huku kwa upole mwingi, kama mtu aliyekuja kupima godoro.

"Mama," akasema, "si yupo yule?"

Alimwonyesha kwa kidevu. Tetea alikuwa kwenye shimo la taka na watoto wake.

Nilimtazama mwanangu nikayaona yote kwa pamoja. Kideri hakikufanikiwa, mwewe hakufanikiwa, nguchiro hawakufanikiwa, akaniletea wakwe. Nikimchinja tetea, ua hauna kuku, kwa maana kifaranga hahesabiwi kuku mpaka aweze kutaga au kuwika, na yeye kuhusu hilo angesimama kama wakili. Nisipomchinja, nimewalisha wakwe dagaa, na habari hiyo itanitangulia hadi kaburini. Nilikasirika, lakini pia, lazima niseme, nilijivuna kidogo. Huyu hakuokotwa. Nilimzaa.

"Yupo," nikasema. "Mila unazijua. Mkamate."

Akavua saa. Akakunja suruali. Wakwe wakageuza vichwa.

Alianza kwa hila, akirusha punje za mchele na kuita "kruu, kruu" kwa lafudhi ya Mikocheni. Tetea alizila zote akiwa nje kidogo ya urefu wa mkono. Mwanangu akaruka, akakumbatia vumbi. Tetea akapanda juu ya choo. Mwanangu akapanda ndoo. Ndoo ikapasuka. Tetea akashuka kwenye gari lake, akatembea juu ya boneti kwa makucha yake yote, akaacha pale alichokuwa nacho tumboni.

Mtani alishatokeza kichwa juu ya ukuta. "Fanya kama sisi makarani! Mwandikie barua ya kumwita!"

"Mzee, naomba uniache," mwanangu akasema, akihema.

"Nikuache vipi? Huyo ni mkwe wangu. Nina haki ya kushuhudia."

Baba mkwe, aliyedhani heshima yake inahitaji haraka, alivua koti akaingia vitani. Wakamzunguka wawili. Tetea alipita katikati ya miguu ya suti, na wale wanaume wakagongana vifua kama milango miwili. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka kwa kicheko, anafuta machozi kwa pindo la kitenge. Mimi sikucheka. Nilikuwa naomba, ingawa sikujua nimwombee nani.

Hatimaye tetea, kwa kukosa njia, alivuka ua wa miiba, akateremka mtaroni, akaingia kwenye kalavati.

Wanaume walikimbilia mtaroni. Mtani alisema, kwa sauti ya chini, "Wamo humo." Alimaanisha nguchiro, na kila mtu wa mtaa alijua. Mwanangu alipiga magoti mdomoni mwa kalavati lakini hakutia mkono. Vifaranga watatu walisimama ukingoni wakilia, wekundu kama majeraha.

Ndani ya kalavati kulitokea vurugu. Kelele yake sitaieleza. Anayetaka kuijua na afuge kuku. Niliona nyumba yangu inafungwa kufuli. Niliona mkeka wangu ukutani. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nani atachukua chungu kikubwa na nani atachukua kinu.

Kisha upande wa pili wa barabara akatoka nguchiro, mbio, na unyoya mdomoni ambao alikuwa anautema. Na upande wetu, akipita juu ya mabega ya mwanangu kana kwamba ni ngazi iliyowekwa kwa ajili yake, akatoka tetea. Hakuwa na mkia. Manyoya ya shingo hakuwa nayo tangu mwanzo. Alijikung'uta, akawaita watoto, akawachapa midomo kwa kupiga kelele barabarani, akaanza kuchakura.

Mwanangu alinyoosha mkono. Alikuwa karibu, safari hii angempata.

"We baba, mwache!" Mama mkwe alisema hivyo, akiwa amekaa sasa, bila kicheko. "Nimemwona. Nimesema nimemwona. Mimi sili kiumbe aliyehangaika kuishi kuliko mimi."

"Lakini mama, mila..."

"Mila ni yangu. Kuku ni wangu, nimeonyeshwa. Namrudisha kwa mwenyewe." Akanigeukia. "Mkwe, una dagaa?"

"Ninao."

"Wa nazi?"

"Wa nazi."

"Mbona unakaa, sasa?"

Hakuna anayeweza kumsamehe kuku wa mkwe isipokuwa mkwe mwenyewe, na akishamsamehe, aliyeoa binti yake hana neno. Mwanangu aliinuka, akajipangusa magoti, akanawa. Alikula dagaa akiwa ametazama sahani. Baba mkwe aliomba kuongezwa. Mtani alikaribishwa, akala sehemu ya watu wawili, akatangaza kwamba tetea yule amepata ujasiri kwa upande wa kuumeni.

Wakati wa kuagana, mwanangu alizunguka gari akitazama mikwaruzo ya boneti. Hakusema habari ya Mikocheni, na mimi sikumkumbusha.

Alirudi baada ya muda, peke yake. Alikuwa amebeba mfuko, na ndani ya mfuko kuku wa dukani, mgumu kwa barafu, hana kichwa, hana miguu, mweupe kama mtu aliyekufa hospitali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu nani?"

"Kuku. Wazee wakija tena, apikwe huyu."

"Na yule?"

Tetea alikuwa kizingitini, anatuzibia njia, na mmoja wa vifaranga wake, ambaye rangi ilikuwa imeanza kumtoka mbawani, alikuwa anajaribu kuwika na kushindwa vibaya sana. Mwanangu alimsogeza tetea kwa ncha ya kiatu, polepole. Akadonolewa.

"Yule mwache," akasema.

Alijua, na mimi nilijua, kwamba kitu kile cha barafu hakiwezi kuonyeshwa mkwe yeyote akagusa bawa lake. Nilikipokea kwa mikono miwili, kwa sababu zawadi ya mtoto haipokewi kwa mkono mmoja, nikamwambia avue viatu aingie ndani anywe chai.